Setilaiti Angani, Mpanda Pikipiki Topeni

Katika England na Wales, upandaji wa pikipiki kwenye njia za mashambani ni burudani ambayo kisheria hufanyika barabarani na kimaumbile hufanyika topeni, kwa kuwa njia zenyewe, zilizoachwa na mikokoteni ya karne zilizopita bila kuwekwa lami, bado zinahesabiwa kuwa za umma, na pikipiki inayopita humo hutakiwa kuwa na namba za usajili na bima sawasawa na ile inayompeleka karani ofisini. Chama cha waendeshaji hao, Trail Riders Fellowship, kilianzishwa mwaka 1970, wakati ambapo njia ilitafutwa kwa ramani ya karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya tangi la mafuta. Leo nafasi ya mfuko huo imechukuliwa na kifaa cha kupokea mawimbi ya setilaiti, na kwa ujio wake mpanda pikipiki hakuacha kupotea. Alichopata ni kupotea akijua kwa usahihi mkubwa mahali alipopotelea.

Usahihi wenyewe si wa kubezwa. Mfumo wa GPS, unaoendeshwa na Marekani, hutegemea setilaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200, kila moja ikitangaza saa yake bila kuchoka, na kifaa kikizipata nne kwa pamoja hukokotoa muda ambao mawimbi yametumia safarini na hivyo kutambua kilipo. Hadi Mei 2000 mawimbi ya matumizi ya kiraia yalivurugwa makusudi kwa sababu za kijeshi, na kukosea kwa mita mia moja hakukuwa jambo la ajabu. Tangu hapo kosa limeshuka hadi mita chache, ilimradi kifaa kiwe mahali peupe. Njia za mashambani, kwa bahati mbaya, hazipendi mahali peupe. Huko Devon na Dorset zipo njia zilizozama mita kadhaa chini ya usawa wa mashamba, kwa kuwa kwato, magurudumu na maji ya mvua yamezichimba kwa karne nyingi, na juu yake miti imefunga paa la majani. Humo baadhi ya mawimbi huzuiwa, mengine hugonga kingo na kufika yakiwa yamechelewa, na kifaa, ambacho hakina desturi ya kukiri mashaka, humhamisha mwendeshaji hadi katikati ya shamba la jirani, mahali ambapo mwenye shamba hangependa kumwona hata kwenye ramani.

Vituko vikubwa zaidi, hata hivyo, havitoki angani bali hutoka kwenye faili. Waendeshaji hupeana safari kwa faili za GPX, ambazo ni orodha za nukta za latitudo na longitudo, na ndani ya faili hizo safari yaweza kuandikwa kwa namna mbili ambazo mnunuzi mpya huzidhani kuwa moja. Namna ya kwanza ni mstari wa nyayo, yaani mamia ya nukta zinazofuata mapito yenyewe, aghalabu zilizorekodiwa na mtu aliyekwisha kupita, ambazo kifaa huzichora juu ya ramani bila kutia neno lake. Namna ya pili ni njia elekezi, yenye nukta chache tu, ambapo kifaa hupewa mamlaka ya kuamua namna ya kutoka nukta moja hadi nyingine. Na kwa kuwa vifaa vingi vimebuniwa kwa ajili ya watu wenye haraka na magari safi, huwa na kipengele cha kukwepa barabara zisizo na lami, ambacho kikiachwa bila kuzimwa humwepusha mwendeshaji, kwa nia njema kabisa, na kitu pekee alichokifuata. Matokeo yake ni kundi la watu wazima waliovaa mabuti marefu na kufunga matairi yenye meno, wakipita kwenye lami laini asubuhi nzima kwa utiifu na kustaajabia jinsi njia za kaunti wanayopita zilivyotunzwa. Hali huwa mbaya zaidi pale watatu wenye vifaa vya aina tatu wanapopakia faili moja, kwa sababu kila kifaa hukokotoa kwa kanuni zake, na njia panda moja hutoa amri tatu. Hapo injini huzimwa, kofia huvuliwa, na mjadala huanza ambao mvua pekee ndiyo yenye uwezo wa kuufunga. Dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam akipotea huuliza kijiweni na kuelekezwa hadi mlangoni, lakini katika vilima vya Wales wa kuulizwa, mara nyingi, ni kondoo.

Tena, kifaa humjulisha mtu mahali alipo, wala hakimjulishi kama ana haki ya kuwapo. Sheria ya England na Wales huzigawa njia za umma kwa watumiaji wake: njia ya miguu ni ya watembeao, njia ya farasi huongeza wapanda farasi na baiskeli, njia yenye mipaka hupokea hata mkokoteni wa farasi lakini hukataa chombo chenye injini, na njia iliyo wazi kwa vyombo vyote ndiyo inayomkaribisha mwenye pikipiki. Sheria ya mwaka 2006 inayohusu mazingira asilia na jamii za vijijini ilifuta haki za vyombo vya moto katika njia nyingi ambazo hazikuwa zimeorodheshwa kuwa wazi kwa vyombo hivyo, kwa hiyo ramani ya zamani iliyobaki ndani ya kifaa yaweza kumwongoza mtu kwa uaminifu kamili hadi kwenye kosa la jinai. Katika ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji na uchoraji ramani, za kipimo cha 1:25,000, njia iliyo wazi kwa vyombo vyote huchorwa kwa misalaba midogo ya kijani, na ile yenye mipaka kwa vistari vya kijani vyenye vijitawi. Tofauti hiyo huonekana vizuri mezani, lakini kwenye kioo kidogo kilichorukiwa na tope msalaba hupoteza mkono mmoja kwa urahisi, na kwa ajili ya mkono huo mtu aweza kujikuta akijieleza mbele ya polisi. Zaidi ya hayo, halmashauri huweza kufunga njia kwa amri maalumu, na sehemu kadhaa za Ridgeway, njia ya kale yenye urefu wa takriban kilomita 139, hufungwa kwa vyombo vya moto katika miezi ya baridi ili udongo upumzike, ilhali mstari uliorekodiwa Julai huendelea kung'aa Januari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuhusu uchaguzi wa kifaa, wengi huanza na simu waliyo nayo, na hoja yao ina nguvu, kwani simu hupokea mawimbi ya setilaiti hata pasipo mtandao, mradi ramani iwe imepakuliwa mapema na siyo kukumbukwa bondeni. Lakini mwaka 2021 Apple yenyewe ilitahadharisha kwamba mtikisiko mkali wa injini kubwa za pikipiki waweza kudhoofisha kamera za simu zake, na kioo cha kugusa, ambacho hukataa katakata kidole kilichovaa glavu ya kawaida, hupokea kwa unyenyekevu amri za matone ya mvua, hata yakakuza ramani, yakafuta safari na kumpigia simu mkwe. Kifaa chenye vitufe halisi, kisichoingia maji, kinachopata umeme kutoka betri ya pikipiki na kinachofuata mstari wa nyayo bila ubishi, ndicho kinachofaa zaidi, ingawa sura yake haivutii na bei yake huhitaji maelezo nyumbani. Anayekusudia kukinunua na aende dukani na glavu zake, azilowanishe kwanza, kisha ajaribu kuandika jina la kijiji kimoja cha Wales. Muuzaji akiuliza sababu, aelezwe.