Mama, Jiamini!

Mama wa Butembo, mashariki mwa Kongo, hakosi kazi. Anachokosa, tunaambiwa, ni kujiamini. Kwa hiyo anaalikwa semina: siku tatu za maombi, kitenge cha sare (cha kununua, bila shaka), daftari la kuandikia ndoto, na mhubiri wa suti ya kubana anayemwuliza kama amekwisha gundua kusudi lake.

Mama anafikiri. Mwenzake wa Beni huenda shamba upande wa Mavivi, akijua fika kwamba tangu Oktoba 2014 wapo walioenda kulima wakachinjwa. Ebola ilipozuka Agosti 2018, wanawake ndio waliouguza, na ndio waliougua zaidi. Sasa mama huyu anafundishwa, kwa kipaza sauti, kushinda woga.

Somo ni lilelile, Methali 31: mke mwema huangalia shamba, akalinunua. Amina! Mstari huo wa 16 mhubiri huupita mbio, na namwelewa. Mama yule hakuomba ruhusa ya mtu. Angekuwa Mkongo, Sheria ya Familia ya 1987 ingemdai idhini ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba. Sharti hilo lilifutwa mwaka 2016, na kuna waume ambao habari hiyo bado haijawafikia.

Kisha linakuja kapu la sadaka. Akina mama wanahimizwa kupanda mbegu, ya dola ikiwezekana. Hapo idhini ya mume haiulizwi kabisa.