Shombo Avuka Bahari

Tulipokuwa tunafungasha kuhama Unguja kwenda Dar es Salaam, binti yetu alimtengenezea paka wake kitabu cha picha. Aliona si haki Shombo ahamishwe bila kuelezwa. Katika picha aliyoipenda kuliko zote, Shombo kakaa sitahani, kifua mbele, anawatazama pomboo.

Paka mwenyewe aligoma mara tu masanduku yalipotolewa uvunguni. Asubuhi ya safari tulimsaka hadi kwa majirani, teksi inapiga honi nje, kumbe kajikunja ndani ya sufuria la pilau. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa tulikuwa nacho, chakula tulimnyima tangu usiku asije akatapika, na tenga lilikuwa tayari. Bibi akavua kanga yake ya begani, ile ambayo Shombo huilalia kila alasiri, akalifunika tenga.

Ilikuwa Julai, kusi imekaza. Katikati ya mkondo paka akaanza kutokwa na udenda, mboni zimepanuka, macho meusi matupu, analia kwa sauti tusiyoijua. Paka hulewa bahari kama sisi. Sikio la ndani ndilo linalovurugika. Ghafla akakisukuma kifuniko, huyo, akatoka. Abiria wakanyanyua miguu, sambusa za mama mmoja zikamwagika, mume wangu akapiga magoti baina ya viti akimbembeleza kwa kila jina alijualo.

Aliyemrudisha ni binti yetu. Alitandika kanga sakafuni, akaketi kando yake, akawaomba watu wazima wanyamaze. Nao wakanyamaza! Paka ana tezi mashavuni. Kila anachokisugua hukiachia harufu yake, na hapo ndipo anapojua yuko kwake. Ndani ya boti nzima, kwake palikuwa juu ya kitambaa kile tu. Akaja akiburura tumbo, akajipenyeza chini yake. Kwangu mimi, kitabu cha paka msafiri kinachosahau harufu kimemsahau paka.

Dar tukampa chumba kimoja, maji, beseni la mchanga na kanga. Mchana kutwa yuko uvunguni, alikula tulipolala.

Bibi alipopiga simu kuulizia kanga yake, binti yetu akamjibu, "Shikamoo, bibi. Itabidi usubiri. Shombo kasugua mlango mmoja tu, na nyumba hii ina milango mitano."

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akasema. "Basi nitamtumia na pande la pili."