Namna ya Kumtumia Mteja wa Mkoani Jezi Asiyoisahau

Kwanza uza. Tafuta duka lenye mwanga mzuri Mtaa wa Kongo, upige picha jezi iliyovishwa sanamu. Duka si lako, lakini hiyo si hoja: mteja akishalipa ndipo utakapokwenda kuinunua humo humo. Ibandike Instagram na maneno "orijino kabisa", bei usiandike. Bei njoo inboksi. Akiuliza kama XL itamtosha, jibu "inatosha, bosi wangu". XL nyingi zinazoshuka Kariakoo kutoka Guangzhou humkaa vizuri kijana wa kidato cha pili, ila hayo atayagundulia Sumbawanga.

Muamala usome kwanza, tena na ya kutolea. Sasa tufungashe.

Wenzetu Marekani, anayeuza kadi yenye picha ya mchezaji wa besiboli huitia kwenye kifuko chake, akaibana katikati ya makaratasi magumu, ndipo aitie kwenye bahasha. Kona ikipinda kidogo tu, bei imeporomoka. Jezi haina kona, kwa hiyo usijisumbue hivyo. Jezi ina timu, na hapo ndipo penye hatari. Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, na makao yao makuu, Jangwani na Msimbazi, yako hapa hapa Kariakoo. Ni vigumu kupata mfungashaji asiye na upande.

Rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, basi utafunga kwa gazeti. Kama wewe ni Yanga na mteja ni Simba, chagua gazeti la michezo la Novemba 6, 2023, siku moja baada ya zile 5-1, na ukurasa wa mbele uuelekeze ndani ili akutane nao akifungua. Msimbazi nao hawakosi dawa: Mei 2012 walishinda 5-0, na yuko mzee mahali fulani aliyetunza gazeti hilo vizuri kuliko hati ya kiwanja. Juu ya gazeti vuta salfeti, zungushia selotepu mpaka iishe. Mteja akitumia kisu kufungua na kisu kikapita mpaka kwenye jezi, hilo si lako.

Jina andika kwa maka peni: "Mama Jose, Sumbawanga". Sumbawanga nzima itakuwa na Mama Jose mmoja tu. Namba ya simu iandike kwa haraka, saba ifanane na moja.

Tangu stendi ihame Ubungo mwaka 2021, mzigo wako unakwenda Mbezi. Mpe bodaboda, naye ataukalia. Karani wa mizigo akiuliza thamani, sema "nguo tu, 5,000", nauli iwe ndogo. Ukipotea, rudi ukidai 45,000 kwa sauti ya juu ili abiria wasikie. Karani atakugeuzia risiti akuonyeshe ulichotamka kwa kinywa chako mwenyewe. Hapo ilaumu Serikali.

Kisha mtumie mteja namba ya konda. Hii ndiyo bima pekee utakayompa, na kusema kweli ni nzuri: kuanzia hapo atamsumbua konda, si wewe. Zamani tulikuwa na kinga kubwa zaidi. Mteja akipiga, unamwambia basi limelala Dodoma, naye anaelewa, maana mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku. Mwaka 2023 safari za usiku zikaruhusiwa tena, na kisingizio kikafa siku hiyo hiyo. Wauza jezi hatukuulizwa. Sasa umebaki na "mtandao unasumbua", nao hauvuki saa mbili.

Jezi ikimbana, mkumbushe kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, halafu muulize kwa upole kama hana mdogo wake. Akikomaa kubadilishiwa, kubali upesi, mradi nauli ya kuja na kurudi iwe juu yake. Atapiga hesabu, atanyamaza. Wiki ikipita muombe picha ya huyo mdogo wake akiwa kaivaa, uibandike kwenye ukurasa wako: "Mteja wetu wa Sumbawanga kapokea mzigo salama. Mikoani kote tunatuma. Bei njoo inboksi."