Manukato ya Shemeji na Msako wa Kashata

Julai ya huku Arusha, wewe unayekaa Sakina au Ilboru huhitaji kusimuliwa: Meru imejifunika tangu alfajiri, maji ya bomba yanauma vidole, na watoto wanaapa kuwa walioga jana. Ndio msimu ambao shemeji yangu, Balozi wa Muscat, huchagua kuja likizo. Tumempa ubalozi kwa sababu hupokewa kwa itifaki, hupakuliwa kwanza, na hakuna mwenye ubavu wa kumuuliza anaondoka lini.

Safari hii alimletea dada yake, yaani Mkuu wa Wilaya wangu, manukato ya Ariana Grande, yule mwimbaji wa Marekani. Yanaitwa Cloud, yalitoka mwaka 2018, na chupa yake ya buluu iliyofifia imekalishwa juu ya kiwingu cheupe. Nasema imekalishwa kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kitinda mimba wetu, Fundi Mkuu, alikichomoa kile kiwingu kabla hatujamaliza kushukuru, akakifanya kitanda cha mwanasesere. Chupa sasa inaishi ndani ya kikombe cha chai kilichovunjika mkono.

Glory, binti yetu wa sekondari, akatoa mhadhara bila kuombwa. Mambo ya kunukia sukari, alisema, yalishika kasi baada ya Angel ya Thierry Mugler mwaka 1992, iliyotiwa kwa wingi kemikali iitwayo ethili maltoli, yenye harufu ya sukari inayoungua. Mastaa nao wakadandia: Britney Spears na Fantasy yake mwaka 2005, na hata hapa kwetu Diamond Platnumz akatoa manukato yake, Chibu, mwaka 2017.

“Na hii ya sasa ina nini ndani?” mama yake akauliza.

“Inaanza na peasi na lavenda. Halafu nazi, krimu, vanila, na karanga zilizopikwa kwa sukari. Chini kabisa kuna miski.”

Nazi, sukari, karanga. Nikapiga hesabu kimyakimya: hizo si kashata?

Na hapo inabidi nimtaje mama mkwe. Kamishna ameshuka kutoka Nkoaranga kuja kufuatilia kliniki, na daktari amemkataza sukari. Chai anakunywa kavu huku akituangalia mmoja mmoja, kana kwamba ni sisi tuliomwandikia cheti. Mzee mwenyewe, baba mkwe, tunamwita Hatari. Anaapa kuwa akiwa kijana alimwona John Wayne kwa macho yake kule Momella, wakati wanapiga ile filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962. Umbali kati yake na John Wayne hupungua kila Krismasi. Mara ya mwisho walikuwa wameshikana mikono.

Basi Mkuu wa Wilaya akaamua manukato yajaribiwe kwanza kwangu, kwa hoja kwamba ngozi yangu haina shughuli. Akanipulizia kiganjani, akalipulizia na sweta, nikasukumwa nje. Kwenye kifodi, konda akanigeukia: “Mzee baba, umebeba keki nini?” Abiria wote wakageuka. Mama mmoja mwenye kapu la parachichi akanipisha kiti cha dirishani, kwa wema au kwa kutaka hewa, sijui.

Kazini simu haikunyamaza. “Baba Glory, jinuse.” Nanusa. “Imefikia wapi?” Mwenzangu, umewahi kunusa kiganja chako katikati ya kikao huku bosi anasoma bajeti? Nikaripoti kwa kunong'ona: peasi ilishaisha kabla sijafika Mnara wa Saa, adhuhuri nazi na krimu vimetawala, vitamu lakini havikeri, jioni kiganjani pamebaki miski kidogo, mpaka ukisogeza pua kabisa.

Sweta lilikuwa na mambo yake. Lilinukia nilipoingia kwenye kifodi cha kurudi, likanukia nilipolitundika sebuleni, na asubuhi iliyofuata likanukia zaidi ya mimi. Glory akasema mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, baridi hii huchelewesha manukato kuyeyuka hewani, na vitu vizito kama vanila na miski hung'ang'ania sufu kuliko ngozi yenye joto na jasho. Kwa hiyo nilikuwa nimetundika kashata ukutani.

Kamishna akaamka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kashata ziko wapi?”

Nikamweleza kuhusu mwimbaji wa Marekani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufungua debe la unga. Akahamia kabatini, nyuma ya televisheni, ndani ya buti zangu za mvua. Balozi alikuwa amejifunika mtandio anacheka. Nikamtazama mke wangu anitetee, naye akasema, “Mama, usijisumbue, labda alizimalizia njiani.” Huyo ndiye niliyemtolea mahari.

Hatari hakuinua hata kichwa. “John Wayne alinuka tumbaku,” alisema. Ndio ukawa mchango wake wote.

Tukalifua sweta kwa sabuni ya unga, tukalianika likapigwa na upepo wa mlimani. Harufu ilipungua, haikutoka. Na msako haukukoma, mpaka siku Kamishna alipofuata pua yake hadi kwenye mkono wa kushoto wa lile sweta, akalinusa kwa muda mrefu, akalikunja vizuri na kuondoka nalo chumbani kwake. Nilipobisha kulidai, jibu lilitoka mlangoni: “Daktari kanikataza kula, baba. Kunusa hajanikataza.”

Analala nalo chini ya mto. Mimi nakwenda kazini na koti la shule la Glory, lenye mikono inayonifika kwenye kiwiko.

Ukiniuliza hukumu: Cloud ni manukato mazuri, utamu wake una adabu. Kwenye ngozi ni ya kutwa moja, kwenye sufu hayatoki kwa hiari. Yapulize kwenye nguo ambayo uko tayari kuipoteza. Na kama nyumbani kwako kuna mkwe aliyekatazwa sukari, mwambie shemeji alete udi.