Namna ya Kuifanya Swichi Isikusumbue

Ofisi yako iko Mitundu, swichi iko kabatini nyuma ya mafaili, na fundi wa mtandao yuko Itigi. Mvua za Januari zikiiharibu barabara, fundi anageuka sauti ya simu tu. Usihangaike. Tengeneza swichi isiyokuambia lolote la maana.

Kwanza jua kwamba ujumbe wa swichi una ngazi nane, 0 hadi 7, na namba ndogo ndiyo balaa kubwa. Sifuri maana yake mfumo umekufa; 3 ni hitilafu, 4 onyo, 5 jambo la kuangaliwa, 6 taarifa za kawaida, na 7 ni porojo za uchunguzi. Ukichagua namba, unaletewa hiyo na zote ndogo kuliko hiyo. Usimfafanulie bosi. Akisema, "Weka ya juu kabisa," mwitikie "Sawa mkuu," uweke 0. Hapo swichi itasema siku ya kukata roho tu, na aliyekata roho hasemi.

Akighairi akataka kila kitu, mpe 7 na uandike debug all. Waya wa konsoli kwa kawaida hupitisha herufi kama 960 tu kwa sekunde. Swichi itasimulia mpaka isahau kazi yake. Mbiu ya mgambo ikilia mchana kutwa, nani atatoka nje?

Sasa utamu wenyewe. Kumbukumbu ya ndani iache na baiti 4096, kama ilivyotoka kiwandani kwenye Cisco nyingi. Kisha chomeka printa ya mhasibu kwa kebo ambayo kile kiulimi chake cha plastiki kimevunjika. Kila ikichomoka na kurudi, swichi inaandika mistari minne: miwili ya %LINK-3-UPDOWN, miwili ya %LINEPROTO-5-UPDOWN. Mistari 40 hivi inajaza nafasi yote. Mhasibu akisukuma meza mara kumi, habari za aliyeingia usiku kubadili mipangilio zimeshafutika, na hakuna wa kulaumiwa ila meza.

Saa usiiguse. Catalyst za zamani, swichi za Cisco hao hao, zikiwashwa hudhani ni tarehe 1 Machi 1993, na umeme ukikatika zinarudi huko huko, kumbukumbu ikiwa tupu. Mkaguzi akiuliza tukio lilitokea lini, mjibu bila kupepesa: enzi za Mzee Mwinyi.

Wapo wabishi wanaotaka kujua. Hao huandika logging trap notifications, yaani ngazi ya 5, ili wamwone hata anayebadili mipangilio. Kwa logging host huzielekeza habari kwenye kompyuta yenye betri, na kwa ntp server huipa swichi saa ya kweli. Kebo ya mhasibu wanaitupa na kununua nyingine. Ukiwa mmoja wao, anza na kebo.