Mwongozo wa mfinalisti wa Lubumbashi: kupasi Exetat bila kuhonga wala kukesha

Mdogo wangu, mwongozo huu ulitakiwa uusome mwezi wa tisa, shule zinapofunguliwa. Najua utaushika mwezi wa tano, wakati ambapo mji mzima, kuanzia Ruashi mpaka Katuba, unashtuka kwa pamoja kwamba kumbe mwaka huu kuna Exetat. Haidhuru. Vuta kiti tuanze.

Kwanza mjue mpinzani wako. Exetat ni mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mmoja kwa nchi nzima, na umekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wa Kamalondo na mtoto wa Kinshasa wanapimwa kwa kipimo kimoja. Mwanzo inakuja hors-session: insha ya Kifaransa, Kifaransa cha mdomo na kazi ya vitendo. Baadaye, kipupwe kikishaingia, inakuja session ordinaire, siku nne za maswali ya kuchagua: elimu ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya chaguo lako, uwe wa bio-chimie, wa pédagogie au wa commerciale. Ukifikisha asilimia 50 umepasi, wewe ni diplômé d'État, na mtaani watasema umepata D6.

Tuanze na insha, maana ndipo wengi wanapoangukia huku wakidhani wamepita. Kuna utangulizi mmoja unaotembea mjini, mrefu, wenye maneno mazito, ambao wafinalisti wanaukariri kama sala ya asubuhi. Kichwa cha habari kikiwa amani, wanauandika. Kikiwa mazingira, wanauandika. Kikiwa simu za mkononi, wanauandika vilevile. Msahihishaji ameshakutana nao tangu asubuhi na amechoka nao. Wewe andika insha moja kila juma, ukurasa na nusu tu, halafu mpe mtu aisome kwa sauti mbele yako. Pale anapojikwaa, pana kosa. Sijaona dawa inayoshinda hiyo, na haina gharama.

Sasa maswali ya kuchagua, yaani items. Vitabu vya items za miaka iliyopita vinauzwa, na kimoja kinatosha watu watano mkichanga. Kosa kubwa ni kukariri majibu. Jibu la swali la saba la mwaka jana halikusaidii chochote mwaka huu. Kinachokusaidia ni kujua kwa nini yale mengine yamekosea. Kwa hiyo chukua swali, lisome kwa Kifaransa, kisha mweleze mwenzako kwa Kiswahili kile kile tunachoongea nyumbani. Ukishindwa kumweleza mdogo wako wa darasa la nane, hujaelewa, hata kama umebahatisha jibu. Halafu rudi kwenye Kifaransa, kwa sababu huko ndiko mtihani utakakokusubiri. Wengi wanaijua hesabu yenyewe na wanaangushwa na sentensi inayoiuliza.

Na macho yako yakae kwenye meza yako. Maswali hupangwa kwa série tofauti, kwa hiyo unapochungulia kwa jirani unakopa makosa ya mtu ambaye pengine anajibu karatasi nyingine kabisa.

Nije kwenye maquis. Wazee wasioijua: ni ile desturi ya wafinalisti kuhama nyumbani na kujifungia pamoja kwenye nyumba moja ili wasome mpaka siku ya mtihani. Siipingi. Nimeona maquis nzuri, na nitakueleza ilivyokuwa. SNEL wamekata umeme, simu moja imeegemezwa kwenye chupa ya maji ili taa yake ipige ukutani, na ukutani kuna kipande cha ubao kilichookotwa mahali. Kijana mmoja wa math-physique anachora mteremko na gari linaloteremka, wengine wanabishana kama msuguano unaelekea juu au chini, na hakuna anayelala mpaka wakubaliane. Saa nne usiku mama mwenye nyumba anaingia na sahani ya bukari na ndakala, anauliza nani hajala, kisha anawafukuza wakalale. Hiyo ni maquis ya kweli: ina mtu mzima, ina chakula, ina saa ya kulala.

Ile nyingine unaijua pia. Ina spika kubwa, kreti ya bia, wageni wasiofanya mtihani wowote, na madaftari yaliyogeuzwa mito. Huko mtu anakesha wiki mbili na kurudi na macho mekundu na sifuri ya sayansi. Wasichana wanarudi na mzigo mzito zaidi, na waliowatwika mzigo huo hawaonekani tena. Nasema wazi kwa wazazi: binti yenu asilale maquis isiyo na mtu mzima mnayemwamini. Lakini pia msimfungie nyumbani mkamwachia ndoo za maji, sombe ya kutwanga na watoto wa kuogesha, wakati kaka yake yuko huko anasoma. Miezi miwili tu mpunguzieni kazi. Kaka anaweza kutwanga sombe, mikono anayo.

Inafuata biashara ya usiku wa kuamkia mtihani. Simu inalia, kikundi cha WhatsApp kinawaka, mtu anayejiita Inspekta anauza majibu ya kesho. Fikiri kidogo. Mtu mwenye siri ya mtihani wa taifa zima, kwa nini anaiuza kwa bei ya kreti moja ya soda, kwa watu asiowajua, na anataka alipwe kwa simu kabla hujaona hata mstari? Anauza namba alizozitunga akiwa ameketi kitandani. Wewe unazikariri mpaka usiku wa manane, na asubuhi zinakuvuruga hata yale uliyoyajua. Zima simu ulale. Kwenye chumba cha mtihani simu hairuhusiwi hata hivyo.

Baba na mama, na ninyi mna sehemu yenu. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, ila sekondari tunaendelea kulipa, na ada ya kushiriki Exetat ni juu yetu. Hiyo lipeni mapema, mdai risiti. Lakini anapokuja mtu kuchangisha fedha za "kuwapokea vizuri" wasimamizi wa kituo, kataeni, na kataeni pamoja, wazazi wa darasa zima, maana anayekataa peke yake anaogopa mwanawe ataonewa. Mtoto mnayemnunulia asilimia leo atakaa kwenye auditoire ya chuo kikuu, kule Kasapa, mwakani bila kuelewa anachofundishwa. Fedha hizo ziwe nauli ya taksibasi kwa siku nne na chai ya asubuhi.

Kituo cha mtihani huenda kisiwe shule yako. Nenda ukakione siku moja kabla, ujue mlango uko wapi na basi linachukua muda gani. Vaa sweta. Mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita vidole vinakufa ganzi hata kalamu haishikiki. Kabla hujajibu swali lolote, nakili namba yako taratibu, kisha ihakiki tarakimu moja moja. Karatasi ya majibu haina mtu wa kukuombea radhi ukiandika namba ya mwenzako.

Matokeo huja kwa SMS: unatuma namba yako, na asilimia inarudi. Ukipasi watakumwagia unga mweupe kichwani na kukuzungusha mtaani kwa filimbi na masufuria. Furahi, umestahili. Ila unga wa mahindi uacheni jikoni, hasa miaka ambayo unaotoka Zambia unaadimika. Poda ya watoto inakuwa nyeupe vilevile kwenye picha.

Usipopasi, usijifiche kwa shangazi kule Likasi. Uliza ni wapi ulipoanguka, rudi darasani, na safari hii anza mwezi wa tisa.

Na ukipasi, usivue nguo za sherehe ukadhani umemaliza. Kule UNILU, chuo kikuu chetu, vitivo vinaangalia asilimia yako, baadhi vina mtihani wao wa kuingilia, na anayetaka polytechnique aulize mapema kama kuna mwaka wa maandalizi. Chukua attestation yako shuleni, toa nakala kadhaa, tafuta yaya, yaani kaka au dada mkubwa, aliyeko mwaka wa kwanza kwenye kitivo unachokitaka, umwombe madaftari yake ya hesabu.