Mwongozo wa Kuachishwa Kazi Bila Kumsumbua Mwajiri

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi mwungwana. Anaitwa ofisini Ijumaa saa tisa alasiri, anaambiwa kampuni inapunguza watu, anasogezewa karatasi nne na kalamu, na saa tisa na robo yuko getini na bahasha mkononi, akiaga kila mtu hadi mlinzi. Wafanyakazi wa aina hii ni hazina, hasa kwa idara ya fedha. Bahati mbaya wanapungua. Siku hizi wamezuka watu wanaosoma kabla ya kusaini na wengine, Mungu atunusuru, wanakwenda kwa wakili.

Ili uungwana huo usipotee, hizi hapa hatua sita za kufuata. Zinahusu Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ndiyo inayowakosesha waajiri usingizi. Zanzibar wana sheria yao, lakini bahasha ni zilezile.

Hatua ya 1: Amini kwamba uamuzi umeshapita

Kifungu cha 38 cha sheria hiyo ni kirefu na kinachosha, kwa hiyo usikisome. Kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe notisi ya kusudio lake mapema, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane nao au na chama chao juu ya mambo matano: sababu za kupunguza, njia za kuliepuka jambo hilo au kupunguza makali yake, vigezo vya kumchagua anayeondoka, muda wa kuondoka, na kiinua mgongo. Yote hayo hufanyika kabla, si baada ya bahasha kuandikwa jina. Mtu mkorofi anaweza kuuliza: mmetumia kigezo gani hata mkanichagua mimi, mkambakiza aliyeajiriwa juzi? Wewe usiulize. Utaonekana huna shukrani.

Badala yake, kikiitishwa kikao ukumbini, hudhuria, kaa nyuma, na karatasi ya mahudhurio ikipita, saini haraka uwahi soda na sambusa. Usitazame kilichoandikwa juu ya karatasi. Ikiwa pameandikwa "Kikao cha mashauriano kuhusu upunguzaji wa wafanyakazi", hilo halikuhusu. Baadaye karatasi hiyo itawekwa mbele ya mwamuzi kuwa kielelezo kwamba mlishauriana mkaelewana, na wewe utakachokumbuka ni sambusa tu.

Hatua ya 2: Ukiombwa kuandika barua ya kuacha kazi, andika

Ombi hili huja kwa sauti ya upole. Dada wa HR atafunga mlango na kusema, "Kaka yangu, sisi hapa ni familia. Ukiandika mwenyewe kwamba umeacha, jina lako linabaki safi huko unakokwenda." Mkubalie. Mpe na tarehe ya jana kama anaitaka.

Usijisumbue kujua kwamba kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anapoivunja ajira, na kwamba aliyeacha mwenyewe hana cha kudai hapo. Usijue pia kwamba mfanyakazi akiachishwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kuwa alimwachisha kwa haki. Ukijiuzulu, unamtua mzigo huo na kujitwisha wewe. Ni kweli sheria humhesabu kuwa ameachishwa mtu aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri aliifanya kazi isivumilike, lakini itabidi ulithibitishe hilo huku barua yenye mwandiko wako ikiwa mezani, ikisema umeondoka kwa hiari na unaishukuru kampuni kwa fursa.

Hatua ya 3: Hesabu waachie wao

Wana kompyuta, wana wahasibu. Wewe una nini? Una kifungu cha 44 tu, ambacho kimeorodhesha unachopaswa kuondoka nacho: mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, malipo ya notisi kama hukupewa notisi, kiinua mgongo, na nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa kama ni mbali na kituo chako cha kazi. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako, si zawadi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28.

Tuchukue mfano, ili tuone jinsi hesabu zinavyoweza kumharibu mtu. Fundi wa kiwandani ana mshahara wa msingi wa shilingi 1,040,000 na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Kwa siku 26 za mwezi, siku yake moja ni shilingi 40,000. Kifungu cha 42 kinampa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, yaani 280,000 kwa mwaka. Kama ametumikia miaka 9 na miezi 11, ile miezi 11 haihesabiwi, kwa hiyo anapata 2,520,000. Mwungwana hataomba tarehe ya mwisho isogezwe mwezi mmoja mbele ili mwaka wa 10 utimie. Ni 280,000 tu, na mwezi wenyewe una mshahara wake.

Jirani yake wa benchi, mwenye mshahara uleule, ametumikia miaka 14. Sheria inakomea miaka 10, hivyo jirani anapata 2,800,000, na ile miaka minne ya juu ni sadaka. Hapo ofisa atakunja mikono na kusema, "Hii ndiyo sheria." Hasemi uongo. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho sheria haimruhusu kushuka. Kupanda haimkatazi. Kuvuka Namanga tu, sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inataka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, na viwanda havijafungwa kwa sababu hiyo. Lakini usimtajie. Mtu anayeweza kubishana robo saa kwa ajili ya fungu la nyanya pale Kariakoo, hapa ndipo anapopaswa kuwa na aibu.

Na hati yako ya mshahara usiitazame sana. Kama msingi ni mdogo na posho ni nyingi, utaona jinsi mshahara uliosifiwa na wenzako unavyozaa kiinua mgongo kidogo.

Hatua ya 4: Saini kwanza, soma ukifika nyumbani

Mkataba wa kuachana kwa makubaliano mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ingawa tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini. Usiombe tafsiri. Utachelewesha watu, na foleni ya Ijumaa unaijua.

Kwenye ukurasa wa tatu, chini ya mambo ya funguo na kitambulisho, kutakuwa na aya yenye maana hii: mfanyakazi anakiri kwamba amelipwa stahiki zake zote, kwamba ameridhika kwa hiari yake bila shinikizo, na kwamba hatadai chochote sasa wala baadaye, kinachojulikana na kisichojulikana. Aya hiyo moja ndiyo kampuni inayoinunua. Kurasa nyingine zimewekwa kuisindikiza. Ukishaisaini, kisha ukapeleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Tume itakuuliza swali jepesi: nani alikushika mkono? Kuutengua mkataba uliosainiwa na mtu mzima mwenye akili timamu kunahitaji ushahidi wa mambo kama vitisho au udanganyifu. Kusema "sikuelewa" peke yake hakutoshi.

Usichungulie pia kama fedha zina tarehe ya kulipwa, au zitalipwa "pale hali ya kifedha itakaporuhusu". Usiulize kama kiasi kilichotajwa ni kabla ya kodi au baada. Usiulize michango yako ya NSSF kama kweli ilifika kule ilikokuwa ikikatwa ili ipelekwe. Na kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, acha ikushangaze Jumatatu, fedha zikiingia na kutoka kabla hujafika kwenye mashine.

Hatua ya 5: Mwogope wakili

Wakili ni ghali. Kila mtu anajua hivyo, ingawa wengi hawajawahi kuuliza bei. Ukimpelekea karatasi zile nne na mkataba wako wa ajira azisome na kukushauri, hiyo ni kazi ndogo, tofauti kabisa na kusimamia kesi mpaka mwisho. Usimpe nafasi ya kukueleza tofauti hiyo.

Kwa sababu akikaa na karatasi zako, ataanza maswali: mlishauriana lini? Nani mwingine ameondoka? Likizo ya mwaka jana iko wapi? Uliajiriwa Mbeya ukaletwa Dar es Salaam, mbona sioni nauli wala gharama za kujikimu wakati ukisubiri kusafirishwa? Kisha ataandika barua ya ukurasa mmoja, yenye adabu, isiyotukana mtu, inayosema mteja wake yuko tayari kuachana kwa amani endapo mambo kadhaa yatarekebishwa. Atakuambia kwamba si kila kinachoombwa ni fedha: bima ya afya iendelee mpaka mke ajifungue, mkopo wa kampuni usamehewe, barua ya utambulisho iandikwe sasa na maneno yake yakubaliwe, kifungu cha kukuzuia kufanya kazi kwa mshindani kifutwe au kipewe kikomo. Atakueleza pia udhaifu wa upande wako, jambo ambalo shemeji anayejua sheria za kila kitu hatakueleza.

Mwajiri akiisoma barua hiyo, atafanya hesabu zake mwenyewe. Mgogoro ukifika Tume akashindwa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki, anaweza kuamriwa akurudishe kazini au akulipe fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara, juu ya stahiki nyingine. Ukiweka hayo kando ya kiinua mgongo cha siku 7, utaona ni kwa nini saini yako ina thamani, na ni kwa nini kalamu ilisogezwa mapema vile.

Kama wakili humwezi, epuka pia chama cha wafanyakazi, ambacho umekuwa ukikatwa mchango wake kila mwezi. Epuka vituo vya msaada wa kisheria vinavyofanya kazi chini ya sheria ya 2017, kwa mfano Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mtafute kishoka anayekaa nje ya jengo la Tume na mkoba mweusi, umlipe taslimu bila risiti, umwachie nakala zako halisi. Mawakili wa kweli wana leseni ya mwaka inayoweza kuhakikiwa. Kishoka hana usumbufu huo.

Hatua ya 6: Subiri simu

Hii ndiyo hatua tamu kuliko zote, na ndiyo inayowamaliza hata wale waliokataa kusaini. Umesema hukubaliani, umeambiwa "suala lako liko mezani kwa mkurugenzi". Basi subiri. Wiki ya kwanza mkurugenzi yuko safari. Ya pili anasubiri bodi. Ya tatu dada wa HR anakutumia ujumbe wa salamu na alama ya moyo. Ya nne simu haipokelewi.

Ya tano inapokelewa. Kwa furaha kabisa. Mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi unatakiwa kufunguliwa Tume ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, na madai mengine ya kazi ndani ya siku 60. Mazungumzo hayasimamishi hesabu hiyo. Ukichelewa, utaanza na ombi la kuongezewa muda, ueleze ni kwa nini ulichelewa, na "nilikuwa nasubiri simu" ni sababu ambayo wasuluhishi wameshaisikia sana.

Mwenye akili mbovu hufungua mgogoro huku mazungumzo yakiendelea. Hajavunja undugu kwa kufanya hivyo, maana hatua ya kwanza ya Tume ni usuluhishi, na wengi huelewana hapohapo mbele ya msuluhishi, kwa makubaliano yaliyoandikwa na yanayoweza kukaziwa kama mwajiri asipolipa.

Kwa wasioutaka mwongozo huu

Tusitaniane tena. Kupunguzwa kazini si aibu, na mwajiri anayepunguza watu si lazima awe mwovu. Biashara huyumba kweli, na wako waajiri wanaofuata sheria hatua kwa hatua na kulipa zaidi ya inavyotaka. Hao hawatakasirika ukiomba siku chache za kusoma. Anayekasirika amekuonyesha kitu.

Kwa hiyo ukiitwa, sikiliza, pokea karatasi, sema "Nashukuru, naomba niipitie na mshauri wangu, nitawajibu kwa maandishi," kisha ondoka nayo bila kuisaini. Ikiwa lazima usaini kwamba umeipokea, andika kwa mkono "Nimepokea tu, sijakubali" pamoja na tarehe. Weka nakala za mkataba, hati za mshahara na barua zote nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi watakayoifunga saa hiyohiyo. Na siku 30 anza kuzihesabu wewe, kwa sababu mwajiri wako ameshaanza.